Jembe Kwanza: Maneno kwa Vijana Wanaotumwa Ng'ambo

Ninyi vijana mtavuka mpaka kesho kutwa ili kuwatumikia watoto na jamaa zao katika nchi ya Kongo.

Nimeagizwa niseme nanyi maneno machache katika siku hizi za jubilei yetu. Sikuja kuwasifu, maana msafiri husifiwa arudipo, si aendapo. Nimeleta habari mbili: ya kwanza ni ya mtu mkuu, na ya pili ni ya mtu mdogo, ndiye mimi.

Katika mwaka 1896 Apolo Kivebulaya, Mganda, ambaye zamani alikuwa askari, alitumwa kutoka Toro kwenda Mboga, ng'ambo ya mto Semliki, karibu na msitu mkubwa. Walimu wawili waliomtangulia walikuwa wamerudi kwa sababu ya njaa, kwa kuwa walinyimwa chakula. Apolo aliposikia hayo hakunung'unika, bali alinunua jembe. Akaenda na jembe lake pamoja na vitabu vyake, akalima, akala matunda ya jasho lake, na huku akiwafundisha wadogo kwa wakubwa kusoma.

Wala msidhani ya kuwa mambo yalikuwa mepesi. Mtawala wa Mboga, jina lake Tabaro, alimchukia. Tena dada yake mtawala alipokufa kwa kuchomwa na mkuki kwa bahati mbaya, Apolo alishtakiwa, akatiwa gerezani. Alipofunguliwa alirudi kwa watu wale wale, na mwisho Tabaro mwenyewe akabatizwa. Baadaye mpaka ulipopimwa, Mboga ikahesabiwa kuwa nchi ya Kongo. Na katika mwaka 1915 Apolo akarudi huko tena, akakaa mpaka siku ya kufa kwake. Akaingia na msituni kwa Wambuti, watu ambao wengi waliwadharau, akajifunza lugha yao.

Basi sasa nisikilizeni habari ya mtu mdogo. Nilipokuwa kijana kama ninyi, nilivuka mpaka pamoja na wenzangu, kwenda kuwatumikia watoto waliokimbia vita. Tulikaa siku 14. Tuliimba, tukacheza nao mpira, tukagawa nguo na madaftari, tukapaka chokaa kuta za shule yao. Kila siku fundi mmoja wa mahali pale alikuja akasimama chini ya mti, akatutazama. Hatukumwuliza neno. Siku ya mwisho ndipo tulipopata habari ya kuwa kupaka chokaa ndiyo kazi yake, naye alikuwa na watoto wanne, na kazi haipati.

Tena palikuwa na mtoto wa miaka sita hivi, asiye na baba wala mama, aliyenishika mkono tangu asubuhi hata jioni. Tulipokuwa tukipanda lori aliniuliza, "Mwalimu, utarudi lini?" Nami, kwa kuwa machozi yake yalinilemea, nikajibu, "Karibu tu." Sikurudi, wala barua sikuandika. Miaka mitatu ikapita. Siku moja nikakutana sokoni na mama mmoja aliyekuwa akikaa kule, nikamwuliza habari za mtoto yule. Akaniambia, "Mwanangu, mtoto yule alikuwa akisikia lori tu hukimbilia barabarani. Mwisho akaacha."

Ndugu zangu, neno hilo, "akaacha," ninalo mpaka leo. Nilikwenda kumpa mtoto yatima tumaini, nami nilimfundisha kwamba maneno ya watu wa kanisa hayana maana.

Kwa hiyo nawasihi, ninyi vijana, mambo manne. Mtakapofika, ulizeni kwanza: mama, mwalimu, mzee wa mtaa, wanataka kazi gani? Kazi ambayo fundi wa pale aiweza, mpeni yeye ujira wake, ninyi mkamchotee maji. Jifunzeni salamu na majina kabla ya kufundisha nyimbo. Msimpige mtoto picha katika uchi wake au kilio chake, kwa kuwa ninyi msingependa ndugu yenu aonyeshwe hivyo. Na mtoto akikuuliza utarudi lini, mwambie kweli, hata ikiwa kweli hiyo itakuumiza wewe.

Lakini neno langu kubwa si kwa vijana, ni kwenu mnaobaki. Siku 14 ni chache. Hazimlei mtoto, wala hazijengi nyumba ya mjane. Apolo alihesabu miaka. Ikiwa vijana hawa hawawezi kukaa, basi mtaa wetu ukae kwa niaba yao. Walimu, waandikieni walimu wenzenu wa kule mwezi kwa mwezi. Wazee wa kanisa, mwakani wapelekeni vijana mahali pale pale, si mahali papya penye kupendeza zaidi. Wazazi, tunzeni sanduku la karo za watoto wale kama mnavyotunza sanduku la mazishi. Tusipokuwa tayari kufanya hivyo, afadhali lori lisiondoke.

Apolo alikufa tarehe 30 Mei 1933. Kabla ya kufa aliagiza azikwe kichwa chake kikielekea magharibi, yaani upande wa msitu, ambako kazi ilikuwa haijaisha. Si mashariki, upande wa kwao Buganda. Vijana, mtarudi kwenu, nasi tutawapokea kwa furaha. Ila mtakaporudi, nyuso zenu na ziendelee kutazama upande ule.

Nendeni na jembe. Mungu awatangulie njiani, naye atukumbushe sisi sote ahadi zetu. Amina.