Somo la Redio: Onyo Halisimamishi Kazi

Leo tutaongea juu ya daftari la kompyuta. Shikeni kalamu na karatasi, maana tutahesabu.

Huenda kikoba chako bado kinatumia daftari la karatasi. Lakini siku moja karani wenu atasema, "Tuliingize daftari hili katika kompyuta." Ni jambo jema. Lakini akiba ni yako na jina ni lako, basi ujue la kuuliza.

Daftari la kompyuta huitwa hifadhidata. Lina safu, kama daftari la karatasi: safu ya jina, safu ya fedha. Kila safu ina upana wake, uliopangwa tangu mwanzo. Hifadhidata moja inayotumika sana ni MySQL, iliyoanza Sweden mwaka 1995. Chombo kimoja cha kujengea tovuti zinazotumia hifadhidata ni Django, kilichotolewa kwa watu wote mwaka 2005. Vijana wetu wanakijua. Novemba 2023 mkutano wa kwanza wa Django wa Afrika ulifanyika Zanzibar.

Haya, andikeni jina Mwanahamisi. Hesabuni herufi. Ni 11. Tuseme safu ya jina imepangwa herufi 8 tu. MySQL isipowekwa katika hali ya ukali, hailikatai jina hilo. Hulikata, ikaandika Mwanaham, na kazi ikaendelea. Tuseme tena kwamba mama huyo ana akiba ya shilingi 50,000, na safu ya fedha ni ya aina ndogo, ambayo namba yake kubwa kabisa ni 32,767. Itaandikwa 32,767. Toeni wenyewe: shilingi 17,233 hazimo daftarini, wala hakuna aliyeiba! Hatari hii huwa kubwa hasa majina na fedha zinapoingizwa kwa wingi bila kukaguliwa.

Mnakumbuka kituo cha mabasi ya mikoani hapa Ubungo, kabla ya kuhamia Mbezi Luis mwaka 2021. Fikirini wachukuzi wawili. Gunia lako la mahindi halienei katika buti la basi. Wa kwanza anasema, "Halienei, chukua gunia lako." Unakasirika, lakini mahindi yako unayo. Wa pili anamwaga debe mbili, anafunga gunia na kunyamaza. Yupi ni mchukuzi mwema?

Django humjulisha fundi hatari hii kwa onyo lenye alama mysql.W002. Herufi W ni onyo. E ni kosa. Kosa husimamisha kazi, onyo halisimamishi. Ndiyo sababu fundi mwenye haraka hulipita bila kulisoma.

Fundi wenu afanye hivi:

1. Asome onyo lote, na kuandika alama yake.

2. Atunze nakala ya hifadhidata kabla ya kugusa kitu.

3. Katika faili la mipangilio, settings.py, penye habari za hifadhidata, aagize sql_mode iwe na neno STRICT_TRANS_TABLES. Hiyo ndiyo hali ya ukali. MySQL 5.7 ya mwaka 2015 na zilizofuata huja nayo, isipokuwa mtu ameiondoa.

4. Akague tena kwa amri hii: python manage.py check --database default. Onyo likitoweka, hali ya ukali imewekwa.

5. Apanue safu zilizo nyembamba.

Lakini kumbukeni: hali ya ukali hulinda yatakayoandikwa kesho. Herufi zilizokwisha kukatwa hazirudi. Zitarudishwa kutoka daftari la karatasi tu, kwa hiyo msilichome moto. Kaeni na karani, msome jina moja moja na fedha zake.

Wengi wenu mmejifunza kuandika majina yenu mkiwa watu wazima. Msikubali mashine iyakate.

Maswali ya darasani:

1. Onyo na kosa vina tofauti gani?

2. Jina lako kamili lina herufi ngapi? Hesabu na nafasi kati ya maneno.

3. Kwa nini tusitupe daftari la karatasi?

Kwaherini mpaka somo lijalo.