Tupime na Ushirikiano, Siyo Majengo Peke Yake

Hotuba ya kamati ya miradi kwa wanachama na wageni, siku ya harambee ya mwaka



Kila mwaka tunawasomea taarifa ya miradi: mifuko ya saruji, mabati, mita za bomba, fedha iliyoingia na iliyotoka. Na leo tutaisoma, maana mali bila daftari huisha bila habari. Lakini tunaomba tufungue na daftari la pili, la ushirikiano. Kijiji kinatoa mawe, mchanga na nguvu kazi. Halmashauri au RUWASA inatoa wataalamu. Kanisa au shirika linatoa fedha, na chama chetu kinajazia. Kila mmoja anajua alichotoa. Je, tunajuaje kama tulifanya kazi pamoja?

Hanang inajua gharama ya kutouliza swali hilo. Katika miaka ya 1970 na 1980, shirika la umma la NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilipanua mashamba makubwa ya ngano kwenye uwanda wa Basotu hadi yakawa 7, yenye ekari zipatazo 100,000. Mradi ule ulipimwa kwa ekari, matrekta na magunia. Mfugaji wa Kibarbaig aliyepoteza malisho, akaona na makaburi ya wazee wake yakilimwa, hakuwemo katika hesabu, kwa sababu hakuhesabiwa kuwa mshirika. Wanakijiji wa Mulbadaw wakaishia mahakamani. Neno ambalo lingesemwa barazani likaenda kusemwa mbele ya majaji.

Tumeona na upande wa pili. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe viliporomoka kutoka Mlima Hanang, tukapoteza ndugu zetu Katesh na vijiji vya jirani. Wanajeshi, Msalaba Mwekundu, watu wa dini zote na majirani walifika. Siku ya msiba huruma inatosha kuwakusanya watu. Lakini nyumba 109 za waathirika kule Waret, kijiji cha Gidagamowd, zilichukua karibu mwaka mzima, na kazi ya mwaka mzima haiendi kwa huruma peke yake. Lazima kila mshirika ajue sehemu yake na ya mwenzake.

Kwa hiyo tunapendekeza kila mradi wetu, Mbulu na Hanang, upimwe kwa maswali matano:

1. Mlipoamua mahali na aina ya mradi, je, mlikuwepo na mlisikilizwa?
2. Je, kila mshirika alitoa alichoahidi, kwa wakati alioahidi?
3. Je, unajua fedha zote za mradi, siyo za kwako tu?
4. Palipotokea kutoelewana, je, mlikaa mkayamaliza?
5. Mshirika mmoja akiondoka kesho, je, mradi utaendelea?

Kila mshirika atajibu peke yake, kwa alama 1 hadi 5: mfadhili, mtaalamu, mwenyekiti wa kijiji, kamati ya maji, na akina mama wanaochota. Kisha tunaweka majibu mezani pamoja. Tusikimbilie wastani. Tuangalie tofauti. Mfadhili akijipa 5 na akina mama wakampa 2 kwa swali hilo hilo, wastani utasema mambo si mabaya, na hapo ndipo ugonjwa unapojificha. Kikao kianze na swali lile lenye tofauti kubwa. Na tupime mradi ukiwa katikati, wakati bado kuna nafasi ya kurekebisha, siyo siku ya kukata utepe.

Wapo watakaosema huku ni kutafutana uchawi. Hapana. Hatupimi nani mbaya. Pampu ikifa baada ya mfadhili kuondoka, hatakayeteseka ni yeye wala sisi tunaoishi mjini. Ni mama anayerudi na ndoo korongoni. Huyo ndiye anayedai jibu la swali la tano.

Hatuombi fedha za mtaalamu kutoka nje. Tunaomba karatasi, siku moja kwa kila mradi, na nauli ya wajumbe wa vijijini ili wasikose kikao. Unapojaza kadi yako ya ahadi leo, tafadhali tenga kidogo kwa kazi hii.

Wazee wa Kiiraqw wanapofunga kikao kwa slufay, mmoja hunena na wote huitikia. Asipoitikiwa, maneno yanabaki kuwa yake peke yake. Na miradi yetu ni hivyo hivyo.

Karibuni tuchangie.