Kibanja cha Holaria



Wahitimu, nimekuja na kesi moja tu, iliyoamuliwa Mahakama Kuu, hapa hapa Mwanza, Februari 1990.

Ng'ambo ya ziwa, huko Muleba, Holaria Pastory alirithi ardhi ya ukoo kwa wosia wa baba yake. Mwaka 1988, uzee ukiwa umemfika na hana wa kumtunza, akaiuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Jamaa yake, Bernardo Ephrahim, akakimbilia mahakama ya mwanzo: tangu lini mwanamke wa Kihaya akauza kibanja cha ukoo? Akashinda. Wala hakuropoka, maana kanuni za mila zilizoandikwa 1963 zilisema hivyo hivyo: mwanamke ale matunda ya ardhi hiyo maisha yake yote, kuuza asithubutu. Mahakama ya wilaya ikapindua hukumu, Bernardo akakata rufaa.

Jaji James Mwalusanya alifungua ibara ya 13 ya Katiba, inayokataza ubaguzi. Uuzaji ukabaki halali. Mwanaukoo anayeitaka ardhi alipe zile 300,000 ndani ya miezi sita aikomboe, kama ambavyo angefanya iwapo muuzaji angekuwa mwanamume. Hapo ndipo ninapompendea jaji yule: hakumpa Holaria upendeleo wowote, alimpa kipimo cha kaka zake.

Msipige makofi bado. Wajane wawili wa Shinyanga walizipinga kanuni hizo hizo za 1963 za urithi. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikakiri zinabagua, ikakataa kuzifuta.

Ubaguzi hauishii kwenye ardhi, na ninyi mnakwenda kutafuta ajira. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamkataza mwajiri kukubagua kwa kabila, dini, jinsia, ujauzito, ulemavu au VVU, na inamlinda hata anayeomba kazi tu. Ukionyesha dalili za kutosha za ubaguzi, mzigo wa kujieleza unamhamia mwajiri. Kwa hiyo tunzeni barua, ujumbe wa simu, tangazo la kazi. Malalamiko yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60. Ukiachishwa kazi, siku ni 30 tu. Hapo ndipo wengi wanapoangukia, kwani atatokea mjomba awaambie mvumilie kwanza, ajira zenyewe ziko wapi siku hizi. Msikilizeni kwa heshima, huku mnahesabu siku.