Majani Kikaangoni

Msikilizaji, mvua ya masika ikishika huku Karen, Nairobi, siafu huhama. Hupita chini ya ua wa kayaba na kupanda ngazi za jikoni, na usiku wa manane kuku waliofungiwa bandani hawana pa kukimbilia. Mtunza bustani mzoefu hakimbilii sumu. Huzungushia banda jivu kavu, na miguu ya banda huisimamisha ndani ya mikebe ya maji yenye mafuta kidogo juu. Jivu hukwangua ile nta inayomhifadhia mdudu unyevu mwilini. Likilowa limekwisha kazi, umwage jingine. Wazee wengine walikuwa hawahangaiki hata na jivu: walitoka nyumbani wakawapisha siafu, na waliporudi, mende hakuna, panya hakuna. Huduma ya usafi isiyo na ankara hiyo.

Mbu ni habari nyingine. Kwenye baridi hii ya vilima vya Ngong malaria haitusumbui kama inavyowasumbua watu wa ziwani, lakini kuumwa tunaumwa. Ndipo mtu ananunua mchaichai uliopandwa kwenye chungu, anauweka dirishani, analala kwa imani. Jamani, harufu imo ndani ya jani! Hutoka sawasawa jani likisagwa au likipata joto.

Watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu alichokianzisha Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, walilipima jambo hili huko Mbita, kando ya Ziwa Victoria. Mimea hai ya chunguni iliwapunguza mbu kiasi tu. Majani yaliyotandazwa juu ya bamba la chuma lenye moto chini yake yalifanya kazi vizuri kuliko yaliyotupwa motoni moja kwa moja. Moto huyateketeza mafuta ya jani. Joto la bamba huyageuza mvuke.

Kwa hiyo tafuta kikaango kikuukuu, tia kivumbasi au majani ya mkaratusi wenye harufu ya ndimu, kipashe juu ya jiko la makaa. Jiko likae barazani, msikilizaji, kamwe si chumbani milango ikiwa imefungwa. Hewa ya makaa huua watu, tena kimyakimya.

Na usidanganywe na neno "asilia" kwenye chupa. Pareto ni ua, na Kenya iliongoza dunia kwa kulilima kwa miaka mingi, huko Nakuru na Nyandarua. Lakini dawa yake haichagui: nyuki hufa, samaki wa bwawani hufa. Ukilazimika kuinyunyiza, ngoja jioni nyuki wakiwa mzingani, na ukae mbali na bwawa.

Kuna mdudu mmoja asiyehitaji dawa yoyote: yule mdogo mwenye mistari myekundu na myeusi, Nairobi fly. Sumu yake imo mwilini, nayo humwagika ukimponda shingoni kwako. Mpulize aanguke, kisha uzime taa ya barazani. Ndiyo iliyomwita.