KUPATA BOMBA NI KAZI, KULITUNZA NI KAZI ZAIDI

(Haya ni maneno ya Kamati ya Maji yaliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama. Tumeyaandika hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)



Tumekuja na jambo moja tu. Wengi mnauliza: "Bomba tumekwisha pata, sasa mnatudai fedha za nini tena?" Swali hilo ni la haki, na linataka jibu.

Tukumbuke tulikotoka. Mwaka 1971 Serikali yetu ilianza mpango wa miaka 20 wa maji vijijini. Shabaha ilikuwa kwamba ifikapo mwaka 1991 kila mwanakijiji wa Tanzania apate maji safi mwendo usiozidi mita 400 toka kwake. Nchi rafiki zilisaidia: Ufini kule Mtwara na Lindi, Denmark huko Iringa, Mbeya na Ruvuma. Visima vikachimbwa, mabomba yakalazwa, na maji yakawa ya bure.

Mwaka 1991 ukafika, shabaha haikufikiwa. Kwa nini? Ati watu walikuwa wavivu? Hapana! Mafuta yalipanda bei duniani mwaka 1973, yakapanda tena 1979. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikala fedha. Fedha za kigeni zikawa adimu, dizeli ikawa haba, vipuri havionekani. Pampu nyingi zikasimama. Na kijiji kisichokuwa na mfuko wala fundi wake kingefanya nini? Kungoja gari la wilayani tu. Akina mama wakarudi mtoni na ndoo zao.

Ndiyo maana Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilitaka wanakijiji wenyewe wabebe gharama za kuendesha na kutengeneza maji yao. Na sheria ya mwaka 2019, iliyounda RUWASA, imevipa vyombo vya jamii kazi ya kusimamia maji vijijini. Yaani sisi na ninyi.

Sasa tupige hesabu. Sera ile ya 2002 ilikadiria lita 25 kwa mtu kwa siku, na kituo kimoja cha kuchotea kwa watu 250. Hizo ni lita 6,250, ndoo za lita 20 zaidi ya 300. Tuseme ndoo 300 tu, kila ndoo shilingi 20. Kwa siku ni shilingi 6,000. Kwa mwezi wa siku 30 ni shilingi 180,000. Koki ikivuja leo, kesho inafungwa nyingine. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Tunajua pia mnachoogopa: fedha kuliwa. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Kwa hiyo Kamati inaleta mapendekezo haya:

1. Kila ndoo ilipiwe shilingi 20 palepale bombani, na fedha zipelekwe benki kila wiki.

2. Hesabu ya mwezi, mapato na matumizi, ibandikwe kwenye ubao huu kila mtu aisome. Mali bila daftari hupotea bila habari.

3. Vijana wawili, mmoja wao msichana, wafundishwe ufundi wa pampu.

4. Wazee na wagonjwa wasiojiweza wachote bure, majina yao yapitishwe na mkutano mkuu wa kijiji, siyo na Kamati peke yake.

Ndugu zetu, mwenye neno alilete mkutanoni, asiliache kilabuni. Mkikataa, mtuambie pia pampu ikisimama tutaitengeneza kwa fedha gani. Mto bado upo palepale, na mama zetu wanaijua njia yake. Tusiwarudishe huko.



Kamati ya Maji