Likizo si Tuisheni: Mwalimu, Watoto na Sayansi ya Shambani



Shule zinapofungwa mwezi Agosti, swali huwa lile lile: watoto wafanye nini? Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza tuisheni ya likizo, na ni haki. Mtoto amechoka, na mfuko wa mzazi umechoka zaidi. Lakini kuketi na watoto bila kuwatoza wala kuwakaririsha ni jambo jingine.

Peter Tabichi alifundisha hisabati na fizikia katika shule ya sekondari ya kutwa ya Keriko, kaunti ya Nakuru. Kijiji chenyewe kinaitwa Pwani, ingawa bahari iko mbali nacho sana. Shule ilikuwa na kompyuta moja na intaneti ya kusuasua, na kila mwalimu alikuwa na wanafunzi 58. Tabichi alianzisha klabu ya kukuza vipaji na kuipanua ile ya sayansi. Mwaka 2018 wanafunzi wake walipeleka kwenye mashindano ya kitaifa ya sayansi na uhandisi kifaa cha kuwasaidia wasioona na wasiosikia kupima vitu, na shule ikaongoza miongoni mwa shule za umma. Machi 2019, huko Dubai, alipokea tuzo ya mwalimu bora duniani, dola milioni moja.

Kifaa kile hakikungoja maabara ya kisasa. Kilihitaji mwalimu aliyebaki na watoto baada ya kengele.

Kwa mtoto wa Voi, somo liko karibu zaidi. Kule Sagalla, ambako ndovu wa Tsavo huweza kumaliza shamba la mahindi kwa usiku mmoja, wakulima wamezungushia mashamba uzio wa nyuki. Kila baada ya mita 10 huning'inizwa mzinga, au mfano tu wa mzinga, na vyote huunganishwa kwa waya. Ndovu akiugusa waya, mizinga hutikisika, nyuki hutoka, naye hugeuka. Ngozi yake ni nene, lakini macho na ndani ya mkonga si hivyo. Utafiti wa miaka tisa uliofanywa Sagalla na kuchapishwa 2024 ulionyesha kuwa uzio huo ulizuia hadi asilimia 86 ya ndovu katika misimu ya mazao mengi.

Hapo pana hesabu tele. Shamba lenye mzunguko wa mita 240 lina nafasi 24. Ikiwa nusu ni mifano, mizinga halisi ni mingapi? Nyuki wanahitaji maua gani? Na ukame ukija, nyuki wakahama, mkulima afanye nini? Hilo la mwisho hata watu wazima bado linawasumbua.

Mwalimu anayetaka kujitolea Agosti aanze na mkulima mmoja mwenye mizinga, kamba ya kupimia na daftari. Watoto wasiikaribie mizinga bila mwenyewe kuwapo. Na wazazi wanaoujua usiku wa kulinda mahindi kwa debe na tochi, waje wawasimulie watoto.