Pipa la Mwaka 1940
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Bariadi)



Katika mkutano uliopita palizuka mabishano makali. Mwanachama mmoja alitaka kila mwenzetu aonekanaye akinywa gongo aondolewe katika chama. Mwingine akajibu kwamba wako wakubwa wanywao wiski katika karamu, wala hapana awatajaye. Kamati ikatuagiza tulichunguze jambo hili na kulieleza. Hatukuja kusifu ulevi, wala hatukuja kuhubiri. Tumekuja kupima vitu viwili kwa mizani moja.

Na tuanzie mbali, huko Uskoti. Katika mji wa Elgin mna duka la Gordon & MacPhail, lililofunguliwa mwaka 1895. Desturi ya wenye duka ilikuwa kupeleka mapipa yao wenyewe viwandani, kujaziwa wiski, kisha kuyaweka na kungoja. Tarehe 3 Februari 1940, kwa agizo la John Urquhart na mwanawe George, pipa la mwaloni namba 340 lilijazwa katika kiwanda cha Glenlivet. Lilikaa miaka 80. Wiski yake ilipotiwa katika chupa mwaka 2020, baba na mwana wote walikuwa wamekwisha kufariki. Zilipatikana chupa 250 tu. Ya kwanza iliuzwa kwa mnada Hong Kong mwezi wa Oktoba 2021, kwa dola za huko zipatazo milioni moja na nusu, na fedha hizo zikatolewa kwa chama cha kupanda miti Uskoti. Tena chupa ile na sanduku lake vilichorwa na David Adjaye, msanifu wa majengo, mzaliwa wa Dar es Salaam mwaka 1966 kwa wazazi Waghana. Basi kitu kile si kigeni kabisa kwetu.

Yatengenezwaje? Shayiri huloweshwa mpaka ichipue, hukaushwa, husagwa. Yaani ni kimea, kama mama zetu wafanyavyo kwa mtama na uwele. Maji yake matamu hutiwa chachu yakaumuka. Kisha huchemshwa katika mtungi mkubwa wa shaba, na mvuke ukapozwa ukadondoka. Mpaka hapo Mskoti na mpika gongo wa kwetu ni watoto wa fundi mmoja. Tofauti yaanza baadaye, nayo ni mambo matatu: sheria, muda, na daftari.

Kwanza sheria. Waskoti nao walikuwa wapikaji wa gizani, wakificha mitungi mabondeni na kuwakimbia watoza ushuru. Mwaka 1823 Bunge la Uingereza lilipunguza ushuru na kuweka leseni ya pauni 10. Mwaka uliofuata George Smith wa Glenlivet akakata leseni. Majirani zake wakamtishia kumchomea kiwanda, hata ikambidi kutembea na bastola mbili. Lakini mlango ukiisha kufunguliwa, wengi huingia. Jirani zetu wa Uganda walijaribu njia hiyo kwa sheria ya mwaka 1965: mpikaji awe na leseni, naye auze pombe yake katika kiwanda cha Port Bell ili isafishwe. Kwetu ilifuata Sheria ya Moshi ya mwaka 1966, nayo ikataka leseni. Walakini vijijini wangapi wameiona leseni hiyo?

Zamani za ukoloni mambo yalikuwa mabaya zaidi. Hati ya mwaka 1922 iliyompa Mwingereza udhamini wa Tanganyika ilimwamuru kuisimamia kwa ukali biashara ya pombe kali, naye Mwafrika akakatazwa kuinywa. Karani aliweza kuandika risiti ya wiski, asiruhusiwe kuionja. Katazo lile halikukomesha gongo, lililisukuma porini.

Pili muda. Sheria ya Uskoti yataka wiski ikae katika pipa la mwaloni miaka 3 kwa uchache. Kila mwaka hupungua kwa mvuke kiasi cha sehemu 2 katika 100, nao huiita sehemu ya malaika. Mwenye kalamu na ahesabu: kwa kiasi hicho, baada ya miaka 80 husalia kama sehemu moja katika tano. Katika joto letu la Bariadi upungufu ungekuwa mkubwa zaidi. Gongo, kinyume chake, hupikwa asubuhi na kunywewa jioni, kwa kuwa ada ya shule haingoji.

Tatu daftari, na hapa twawaomba makarani mtege masikio. Ni nini kilichothibitisha miaka 80? Ulimi wa mwonjaji hautoshi. Ni namba ya pipa na tarehe, vilivyoandikwa na mkono wa mtu kama sisi, na vikatunzwa. Chupa isiyo na maandiko haina baba. Mwaka 2000 nchini Kenya watu zaidi ya 100 walikufa kwa pombe iliyochanganywa na methanoli, sumu ipofushayo macho kabla ya kuua. Mwaka 2010 balaa kama hilo likaikumba Uganda. Waliokunywa hawakuwa na njia ya kujua kilichomo.

Sasa turudi nyumbani. Mama wa kijijini hukamatwa na madumu yake. Nasi makarani ndio tuandikao hati ya mashtaka mchana, na jioni baadhi yetu huketi kwa jirani yake. Aibu hiyo ni yetu, si yake. Kwa hiyo hatuungi mkono kumwondoa mtu katika chama kwa sababu ya gongo huku mnywa wiski akiachwa. Twapendekeza mambo mawili. Mosi, mwanachama yeyote asinywe wala kununua kisichojulikana kilikotoka, kiwe cha dumu au cha chupa. Pili, chama kiandike barua kuomba leseni na upimaji viletwe karibu na wapikaji, ili wenye kutaka kutoka gizani wapate mlango.

Wale wa Elgin walijaza pipa wasilolinywa. Nasi tuandike barua hiyo, hata kama faida yake wataiona wanetu. Haba na haba hujaza kibaba.